Kawaida au Dharura?

Jumatatu ile nilifika ofisi ya malalamiko ya mji nikiwa na kiatu kimoja cha mama mkononi, kimejaa tope mpaka kwenye kisigino. Sikukitia kwenye mfuko. Nilitaka kila mtu akione. Watu waliokuwa kwenye foleni walinitazama, wakakitazama kiatu, wakanipisha bila kuulizana. Mwanamke akiingia na kiatu kimoja na macho mekundu namna ile, hata mwenye namba ya kwanza huona heri angoje.

Dirisha namba tatu lilikuwa tupu. Koti la kijivu la Karani wangu lilining'inia mgongoni mwa kiti, lile ambalo mimi mwenyewe nilimshonea vifungo viwili vilivyokatika. Nikalitazama nikasema moyoni, maskini ya Mungu, hajui lolote. Alikuwa amenipigia simu mara kumi na tatu tangu Jumamosi, na mimi nipo hospitali nahangaika na mama, sina hata nafasi ya kumwambia niko hai. Nataka mlijue hilo kabla sijaendelea: niliingia pale nikiwa namhurumia. Hasira yangu ilikuwa kwa mji mzima, wahandisi wake, malori yake na mkuu wake ambaye sijapata kumwona. Yeye nilikuwa nimemtoa kwenye hesabu.

"Karani wako ameenda kuchukua chai," alisema mama wa miwani, yule mzee wa dirisha namba mbili. Alinifahamu vizuri. Kwa wiki kumi na moja nilikuwa nikija kila Jumanne kwa ajili ya shimo lile lile la mtaro usio na kifuniko, mpaka tukafika mahali pa kuulizana habari za magoti. "Lakini leo si Jumanne, mwanangu. Kuna nini?"

Nikakiweka kiatu juu ya meza yake, juu ya karatasi zake zilizopangwa vizuri.

"Mama yangu ametumbukia."

"Mungu wangu! Kwenye lile shimo?"

"Lile lile. La kona ya duka la dawa. Jumamosi asubuhi alitoka kwenda kununua maziwa. Mvua ilikuwa imenyesha, maji yamejaa hadi juu, huwezi kujua pa kukanyaga ni wapi na mtaro ni wapi. Wanaume wawili ndio waliomtoa. Nyonga imevunjika. Daktari anasema atakaa kitandani miezi. Kiatu hiki kilitoka naye, kingine kimebaki humo humo." Sauti yangu ilianza kupanda na sikuizuia. "Nataka mtu aniambie, leo hii, mama yangu amekosa nini! Nimejaza fomu, nimesubiri, nimekuja mara kumi na moja, na kila nikija naambiwa subira yavuta heri. Heri yenyewe ndiyo hii?"

"Pole, mwanangu. Pole sana." Akainuka, akaenda kwenye rafu. "Nalitafuta faili lako sasa hivi, napanda nalo juu kwa miguu yangu. Dharura kama hii haikutakiwa kukaa hata siku mbili."

Alilipata haraka. Akalifungua. Akavua miwani, akaifuta kwenye upindo wa kitenge chake, akaivaa tena.

"Nini?" nikauliza.

"Limewekwa kawaida."

"Kawaida ndiyo nini?"

Akanigeuzia karatasi. Fomu zao chini kabisa zina visanduku viwili. Kimoja kimeandikwa dharura, na hicho kikitiwa alama fomu hupanda ghorofa ya juu kwa mhandisi siku ile ile. Kingine kimeandikwa kawaida, na fomu ya kawaida hulala kwenye rafu, mwenye shida aambiwe arudi kuulizia baada ya wiki moja. Alama huwekwa na karani anayempokea mtu dirishani. Yangu ilikuwa kwenye kawaida. Chini yake palikuwa na sahihi yenye mkia mrefu ulioning'inia, utadhani uzi ambao fundi alisahau kuukata. Sikuhitaji kuuliza ni ya nani. Sahihi ile nilikuwa nayo nyumbani, kwenye vikaratasi sita alivyoniandikia, nilivyovificha ndani ya boksi la bobini za cherehani yangu.

Hapo ndipo alipoingia, chupa ya chai kwapani, vikombe viwili mkononi. Macho yake yakafanya kile ambacho yamekuwa yakifanya kila Jumanne: yaliniona mimi kwanza, watu wengine baadaye. Na moyo wangu, mpumbavu asiye na haya, ukaruka.

"Fundi!" Hivyo ndivyo alivyozoea kuniita. "Simu hupokei, siku tatu sijalala vizuri. Nimekukosea nini?"

"Hii sahihi ya nani?"

Akaitazama karatasi. Akakitazama kiatu. Vile vikombe akaviweka chini polepole, na rangi ikamtoka usoni.

"Hicho kiatu cha nani?"

"Mimi ndiye ninayeuliza! Sahihi ya nani?"

"Yangu."

"Shimo linalommeza mtu mzima, katikati ya njia ya watoto wa shule na wazee, wewe ukaliandika kawaida?"

"Fundi, twende nje tuzungumze."

"Siendi nje. Nje kuna mashimo."

Kwenye foleni mtu mmoja akacheka, mwingine akamkanya. Karani akashika ukingo wa dirisha. Alikuwa na mikono mizuri, sitasema uongo, mikono ya mtu anayeandika taratibu. Siku ile nilitamani kuipiga kwa rula ya chuma.

"Ni cha mama?" akauliza kwa sauti ya chini. "Niambie si cha Mama."

"Amelala wodini, mguu umefungwa mawe ya kuuvuta. Haya, sema. Kwa nini kawaida?"

Alikitazama kile kiatu tena. Nilidhani atasema amekosea, mkono uliteleza, kazi ni nyingi, na naapa ningemwamini, maana nilikuwa natafuta kwa udi na uvumba sababu ya kumwamini. Hakusema hivyo.

"Siku ile ya kwanza ulikuja na sindano imechomekwa kwenye kola yako, ukaisahau," alisema. "Ukanigombeza dakika kumi bila kumeza mate. Halafu ulipomaliza ukasema, 'Samahani, kaka, najua si wewe uliyeiba kifuniko.' Nikajua nikiweka alama kwenye dharura, fomu itapanda juu leo, watakuja kuziba kesho, na wewe sitakuona tena maisha. Nikaweka kawaida. Nilisema wiki moja tu. Nikuone mara moja tena, halafu nitabadilisha."

Ukumbi mzima ulikuwa umesikia. Kisha mwanamume aliyeshika kipande cha bomba akasema kwa uchungu, "Ala! Kwa hiyo mimi bomba langu lina wiki ya tisa, nami nani ananipenda huku?"

"Nawe yupo anayependa kukuona, baba, ndiyo maana," mwanamke mmoja akamjibu, na watu wakaangua kicheko. Mimi sikucheka.

"Wiki ya pili?" nikamwuliza.

"Ukaja na gauni la buluu."

"Wiki ya tatu?"

"Wiki ya tatu nilitaka kubadilisha, Mungu ni shahidi yangu. Lakini ukibadilisha alama lazima uandike sababu, na mkuu aisome. Ningeandika nini?"

"Ungeandika ukweli!"

"Niliogopa kufukuzwa. Nikasema nitatafuta njia nyingine."

"Na Jumanne iliyopita? Uliponishika mkono hapo nje ukaniambia, 'Fundi, wiki hii wanakuja, nimeshaongea nao'? Uliongea na nani?"

"Kuna dereva wa lori ni rafiki yangu. Nilikuwa nataka nimwombe aje na vijana wake, kimya kimya."

"Ulimwomba?"

"Bado nilikuwa sijamwona."

Jamani. Kuna hasira inayopiga kelele na kuna ile inayokausha koo. Hii ilinikausha koo. Nikasogea mpaka pua yangu ikakaribia kugusa kioo, nikamwambia jambo ambalo hata mama nilikuwa sijamwambia.

"Unajua kila Jumatano nilikuwa nafanya nini? Nilikata kitambaa chekundu, nikakikunja ncha, nikakipiga uzi mara mbili kisichanike, nikakifunga kwenye mti, nikauchomeka pale shimoni watu waone. Upepo ukikichukua nashona kingine. Mvua ikiusomba mti natafuta mwingine. Wiki kumi, Karani! Mtaa mzima ulipita salama kwa vitambaa vyangu. Jumatano iliyopita mti ulisombwa. Nikasema, aa, ya nini kujisumbua, wiki hii wanakuja, amenihakikishia mwenyewe. Kitambaa nilikuwa nimeshakikata. Mpaka leo kipo juu ya meza ya cherehani."

Alifunga macho.

"Wazee wako walikuwa waje kwetu Jumapili kuposa," nikasema. "Waambie wabaki kwao."

"Fundi, nakuomba."

"Usiniite Fundi. Niite mlalamikaji, ndivyo ilivyoandikwa hapo kwenye karatasi."

Nikakichukua kiatu cha mama. Nilipofika mlangoni nilisikia mama wa miwani akisema, "Kijana, ukikigusa hicho kisanduku sasa hivi, kazi yako imeota nyasi. Fikiri kwanza." Nikageuka bila kutaka. Karani alikuwa amekwishakata ile alama kwa kalamu, anaandika sababu. Aliandika kwa muda, akagonga muhuri, akapanda ngazi kwenda juu bila kuvaa koti.

*

Walikuja kesho yake, Jumanne, Jumanne yangu ya kwanza bila kwenda dirishani. Lori moja, vijana wanne na msimamizi mwenye kofia ya njano. Niliwatazama nikiwa kwenye kizingiti cha duka langu, tepi shingoni, mkasi mkononi. Muuza dawa alitoka kupiga picha. Watoto wakashangilia.

Saa ya ukutani ya duka la dawa ilikuwa saa nne na dakika tano walipoteremsha kifuniko cha zege. Walipiga saruji pembezoni, wakafagia, wakajipangusa mikono. Saa ile ile ilisoma saa nne na dakika arobaini na tano. Dakika arobaini. Wiki kumi na moja za kupanga foleni, nyonga ya mama yangu, na kazi yenyewe ni dakika arobaini.

"Kazi ndogo hii, dada," msimamizi akaniambia huku akikunja mikono ya shati. "Mngetuambia mapema."

Sijui ni malaika gani aliyeushika mkono wangu wenye mkasi.

"Kuna kiatu humo ndani," nikasema. "Cha mama yangu. Kitoeni."

"Aa, dada, si tumeshaziba? Kufungua tena mpaka ijazwe fomu, ipite ofisini."

Lori likaondoka. Muuza dawa akanipa mkono, ati hongera, juhudi zangu zimezaa matunda. Nikaingia dukani nikafunga mlango, nikakaa chini kati ya vipande vya nguo, nikalia kwa hasira. Nililia kwa sababu nilimchukia, na kwa sababu katikati ya kumchukia niliona gauni la buluu limetundikwa ukutani, nikakumbuka alivyoniambia mara ya kwanza kwamba rangi ile inanifaa. Unamchukiaje mtu huku unakumbuka sauti yake? Mimi niliweza. Niliyafanya yote mawili kwa pamoja mpaka kichwa kikaniuma.

*

Karani alikuja wodini Alhamisi, saa za kutazama wagonjwa. Mjomba alikuwa amekaa kwenye kiti pekee kilichokuwepo, mimi nimekaa ukingoni mwa kitanda nikimsugua mama miguu. Mjomba ni kaka yake mama, dereva mstaafu, na tangu mwanzo hakumtaka. Mwanamume wa mihuri, alikuwa akisema, atakupenda saa za kazi tu.

Alikuja mikono mitupu, na nashukuru, maana angekuja na matunda ningeyarusha dirishani.

"Shikamoo, Mama. Shikamoo, Mjomba."

"Mimi si mjomba wako," mjomba akasema.

"Marahaba," mama akaitika. Alikuwa amekonda kwa siku tano tu. "Karani, mbona umesimama mbali? Simu ya binti yangu imeharibika au mmegombana? Nikimwuliza anasugua miguu kwa nguvu tu."

Sikuwa nimemwambia. Nilikuwa nasema nitamwambia akipata nafuu. Karani alinitazama, akaelewa, na angeweza kuutumia ukimya wangu akajiokoa. Akapiga magoti pembeni ya kitanda na kumweleza mama kila kitu, kisanduku, sindano kwenye kola, dereva ambaye hakuombwa, wiki moja iliyozaa nyingine. Hakuficha hata gauni la buluu. Akamaliza kwa kusema kwamba juzi mkuu wake amemsimamisha kazi mwezi mmoja, na baada ya hapo hajui.

Mjomba aliruka kutoka kitini. "Toka! Toka kabla sijasahau kwamba hapa ni hospitali! Kikulacho ki nguoni mwako, nilisema mimi! Umemvunja dada yangu kiuno ili upate kumwangalia msichana?"

"Kaa chini, kaka," mama akasema.

"Nikae? Huyu ni wa kupelekwa..."

"Nimesema kaa. Anayeumwa ni mimi."

Mjomba akakaa. Mama alikuwa mwalimu kwa miaka thelathini na nne, na hata akiwa chali na mguu umening'inizwa, ukiambiwa kaa unakaa.

"Wiki ngapi?" akamwuliza Karani.

"Kumi na moja, Mama."

"Na ulijua kwamba watu wanapita pale?"

"Nilijua."

"Mtoto anayekosa kwa kutojua, nilimfundisha. Anayekosa huku anajua ndiye aliyenitoa mvi." Midomo ya mama ilianza kutetemeka. "Unajua nilikaa humo muda gani? Nilikuwa naita, maji machafu yananiingia mdomoni, mguu siusikii. Nikasema ndiyo nimekufa, nimekufa kwenye mtaro kama paka, na binti yangu atakuja kuambiwa na wapita njia. Wewe wakati huo ulikuwa unafanya nini? Unapiga pasi shati la Jumanne?"

Machozi yalikuwa yanamtiririka, na hakuyafuta.

"Mfukuze, Mama," nikasema. "Mwambie asirudi tena."

Mama akageuza kichwa chake kwenye mto, akanitazama mimi.

"Na wewe je?"

"Mimi nini, Mama?"

"Muuza vitambaa akikuchelewesha siku mbili, unakwenda mpaka kwake, unamtoa kwenye chakula. Nimekuzaa, nakujua. Pale ofisini kuna ngazi, mkuu yupo juu. Wiki kumi na moja, wewe na mdomo wako huo, kwa nini hukupanda ngazi?"

Niliacha kumsugua miguu. Mjomba alikuwa ananitazama. Karani naye aliinua uso, na macho yetu yakakutana kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, nikayakwepa. Kwa sababu kulikuwa na Jumanne moja, ya wiki ya tano au ya sita, nilipita kwenye kona ya duka la dawa asubuhi nimevaa gauni langu la buluu, nikaliona shimo bado liko wazi, na moyo wangu ukafurahi. Ulifurahi! Nikasema, afadhali, leo nina sababu ya kwenda.

"Nilipenda kwenda, Mama," nikasema. "Ningepanda juu wangeliziba."

Mjomba akajishika kichwa. "Loo! Nyumba nzima ina wazimu."

Mama alifumba macho. Nilidhani amelala, au amechoka nasi. Chozi moja lilishuka mpaka sikioni, nikataka kulifuta, akausukuma mkono wangu.

"Nyinyi wawili mmepangiana foleni juu ya mgongo wangu," akasema. "Sasa sikilizeni, na sitarudia. Viatu vile nilivinunua kwa ajili ya siku ya kustaafu. Kimoja ninacho. Kingine kimezikwa chini ya zege. Wewe, Karani, utakwenda ofisini kwenu. Usiingie kwa mlango wa nyuma, wala usimtume rafiki. Chukua namba kama kila mtu, ujaze fomu, uombe kifuniko kifunguliwe, kiatu changu kitolewe, kifuniko kirudishwe vile vile. Ukiambiwa rudi wiki ijayo, rudi. Ukiambiwa faili halionekani, jaza jingine. Siku utakayoniletea kiatu hicho mkononi, ndiyo siku nitakayofikiria kama nataka kuwaona wazee wako. Nimesema nitafikiria."

"Nimesikia, Mama."

"Na wewe," akanigeukia, "huyu humsemeshi. Hata neno moja. Mpaka kiatu kije. Si ulikuwa hodari wa kungoja?"

*

Jumanne iliyofuata mama alinituma nikahakikishe. "Nenda ukaone kama kweli amepanga foleni. Angalia tu."

Nilivaa gauni la kahawia, bovu kuliko yote niliyonayo, nikakaa kwenye benchi la ukutani, mkoba wangu kando. Foleni ilifika mpaka mlangoni. Yeye alikuwa katikati, amebana fomu kifuani kwa mikono miwili kama mtoto aliyetumwa dukani na kuambiwa asipoteze. Wenzake waliopita na mafaili walimchekea waziwazi. Mmoja akamwita apite pembeni. Akatikisa kichwa, akabaki. Alisimama pale kwa muda wa saa mbili na robo, na mimi niliikodolea macho kila dakika yake. Nilisema moyoni, simama, hayawani wewe, simama mpaka nyayo ziote moto.

Ilipofika zamu yake, mama wa miwani alimwangalia juu ya miwani yake.

"Shida yako?"

"Kiatu," akasema. "Cha mama mmoja. Kimo ndani ya mtaro, kona ya duka la dawa."

Watu waliokuwa karibu wakacheka. Yeye hakucheka. Mama wa miwani naye hakucheka. Aliandika, akauliza mtaa, akauliza namba ya simu, akafika chini kwenye visanduku, kalamu ikasimama.

"Karani anayepokea ndiye anayeamua," akasema, "lakini wewe leo nakuuliza. Nikikuandikia dharura, kesho asubuhi kiatu unacho. Kawaida au dharura?"

Aligeuka nyuma. Aliniona pale kwenye benchi, na macho yake yalitua kwangu kidogo. Nilijua anafikiria nini: kesho asubuhi kiatu, kesho jioni ruhusa ya mama. Mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, moyo wangu ulisema dharura. Kisha akawatazama waliokuwa nyuma yake, yule mwanamume wa bomba, mama aliyebeba mtoto mgongoni na picha ya nguzo ya umeme iliyoinama, mzee mwenye fimbo.

"Andika kawaida, Mama," akasema. "Hawa walio nyuma yangu bado hawajatumbukia."

Muhuri ukagongwa. "Haya. Rudi baada ya wiki moja."

Alichukua kikaratasi chake, akaja upande wangu, maana benchi lilikuwa moja tu na miguu ilikuwa imemchoka. Akasimama mbele yangu bila kusema kitu. Nilikuwa bado na hasira. Hata leo ninapowasimulia hapa taya linanikaza. Na mama alikuwa amenikataza kumsemesha, nami sikumsemesha. Niliuchukua tu mkoba wangu uliokuwa kando yangu, nikaupakata.

Akakaa. Tukatazama dirishani wote wawili, mpaka namba ya mwenye bomba ilipoitwa.